Kulisikia Shairi Kabla ya Kulihesabu: Usomaji wa Sauti ya Dhiki Mtaani Makongeni

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya akiletewa shairi katika mtihani wa KCSE hujua mapema atakaloulizwa. Ataambiwa ataje bahari ya shairi hilo, aeleze umbo lake, atoe mifano ya uhuru wa mshairi, kisha auandike ubeti mmojawapo kwa lugha ya nathari. Majibu yake nayo huyajua kabla hajalisoma shairi lenyewe. Atahesabu mishororo na mizani, atatazama vina vya ukwapi na vya utao, atatafuta neno lililofupishwa aliite inkisari na lililorefushwa aliite mazida. Yawezekana kabisa akapata alama nzuri bila ya kusikia lolote lililosemwa na mtunzi.

Makala haya hayakusudii kuwalaumu watahini, ambao kazi yao ni kupima yale yapimikayo. Yakusudia kuuliza swali linalotuhusu sisi tunaofundisha katika vyuo vikuu, kwa kuwa ndio tuliowafunza walimu wa shule hizo: je, huko ni kusoma ushairi, au ni kuuorodhesha tu? Hoja yetu ni kwamba shairi la mtunzi aliyekomaa ni usemi wa mtu kwa watu, na kwamba umbo lake, fumbo lake na lahaja yake ni viungo vya usemi huo. Kwa hiyo msomaji hana budi kuusikia usemi kwanza, ndipo ahesabu. Na akihesabu, ajue anahesabu nini na kwa sababu gani.

Mfano wetu utakuwa diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa na Oxford University Press jijini Nairobi mwaka 1973. Tutauangalia kwa kupitia usomaji uliofanyika katika mtaa wa Makongeni, Nairobi, mbali na ukumbi wa mihadhara.

2. Mabishano Yaliyotutangulia

Swali la umbo si geni kwetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, alilihesabu shairi kuwa ni wimbo, na sheria alizozitaja zilikuwa sheria za kitu kiimbwacho. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, akavunja vina na mizani kwa makusudi ili ushairi uikaribie lugha ya watu ya kila siku. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, katika Malenga wa Bara (1976) na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), waliitetea njia mpya na kuieleza kwa nadharia. Upande wa pili ulisimama imara, hasa miongoni mwa washairi wa pwani, ukisema kwamba utungo usio na vina na mizani ni utungo, lakini si shairi.

Mengi yenye thamani yalisemwa katika mabishano hayo, na si nia yetu kuyafufua. Twataka tu kuonyesha jambo moja ambalo pande zote mbili zilikubaliana bila ya kujua. Zote mbili zilizoea kulizungumza umbo kama vazi. Wengine walisema vazi hilo ni la heshima na halivuliki. Wengine walisema limebana na limepitwa na wakati. Ni wachache waliosimama mbele ya shairi moja mahususi wakauliza: hapa, katika ubeti huu, kina hiki kinafanya kazi gani? Shule ikarithi mabishano yenyewe, lakini haikurithi joto lake. Leo mwanafunzi hufundishwa kwamba kuna mashairi ya arudhi na mashairi huru, naye huandika hivyo katika karatasi yake kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

Na pana dhana nyingine iliyozaliwa na mabishano hayo, ambayo ni ya hatari zaidi kwa jiji kama Nairobi. Yasemwa kwamba ushairi wa kimapokeo, kwa kuwa umejaa lahaja za pwani, umefungwa kwa mtu wa bara. Na kwamba kijana wa Eastlands, ambaye lugha yake ya barabarani ni Sheng, hana mlango wa kuuingilia. Dhana hii yastahili kupimwa kwa wasomaji wenyewe.

3. Mtaa na Wasomaji Wake

Makongeni ni mtaa uliojengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake, kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na Kaloleni na Mbotela. Reli iliwakusanya watu kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na pwani, na hata baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la reli kugawanyika, mtaa huo ulibaki na mchanganyiko ule ule wa watu. Kiswahili chake hakikufundishwa na mtu mmoja. Kilijengwa karakanani, sokoni, kanisani na foleni ya maji, na wazee wa reli walikizungumza kwa ufasaha wao wenyewe.

Kati ya mwaka 2018 na 2019 nilikuwa nikikutana huko, Jumamosi alasiri, na kikundi kidogo cha wasomaji wasiozidi kumi na wawili. Walikuwamo wastaafu wa reli, fundi cherehani mmoja, akina mama wawili wenye biashara ndogo, na vijana waliokuwa wamemaliza kidato cha nne. Hapakuwa na mtihani. Shairi lilisomwa kwa sauti mara tatu, na baada ya hapo ndipo nakala zilipogawiwa.

Katika mikutano ya kwanza nilijaribu njia niliyofundishwa nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo. Njia hiyo asili yake ni kazi ya I. A. Richards wa Cambridge, ambaye katika kitabu chake Practical Criticism (1929) alieleza jinsi alivyowagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, kisha akakusanya maoni yao. Wengi walipotea. Walisifu mashairi hafifu na kuyadharau mazuri, na mara nyingi waliandika hisia walizokuja nazo badala ya kile kilichokuwa kwenye ukurasa. Funzo lake ni kubwa: jina kubwa huweza kumpofusha msomaji, akasifu kwa kuwa ameambiwa asifu. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba katika mapokeo yetu jina la mtunzi halikuwa pambo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi yaliyoelekezwa kwa watu na yaliyongoja kujibiwa. Aliyeyasikia alitaka kujua nani amesema, kwa nani, na katika kisa gani. Kulificha jina ni jaribio lenye faida, lakini kulificha moja kwa moja ni kuukata usemi kichwa. Kwa hiyo tulilificha kwanza, tukalifunua baadaye.

4. "Mamba": Umbo Linalotenda Kazi

Shairi la kwanza kulisoma lilikuwa "Mamba". Wanaolijua watakumbuka kwamba mtunzi huanza kwa kutangaza kwamba anataka kusema, na kwamba atalifumba asemalo. Kisha humwonyesha mamba mtoni, mwenye kiburi, anayejiona kuwa ataishi milele. Na humalizia kwa kumkumbusha kwamba nguvu zina kikomo na kwamba siku ya kutokwa na roho haina budi kufika.

Vijana waliotoka shule karibuni walifanya walichofundishwa. Walisema kwa haraka na kwa usahihi kwamba kila mshororo una vipande viwili, mizani nne na mizani nane, na kwamba kuna kina cha ndani na kina cha nje. Walipoulizwa hayo yanafanya nini, walinyamaza, kwa kuwa hawakuwahi kuulizwa swali hilo.

Jibu lilitoka kwa mmoja wa wastaafu, ambaye hakuwa na nakala mbele yake. Alisema kwamba msemaji wa shairi hili anagonga kwanza, ndipo anaongea. Maneno yale machache ya mwanzo wa kila mshororo aliyasikia kama mtu anayebisha hodi mlangoni pa mkubwa. Na maneno mengi yanayofuata ni yale ambayo mtu huyasema baada ya kusikilizwa. Nadhani mzee huyo alikuwa amelitazama umbo vizuri kuliko vitabu vingi vya kiada. Kipande cha mizani nne ni kifupi mno kubeba hoja nzima. Hubeba kitendo au jina tu, kisha husimama, na sikio hulazimika kungoja. Kipande cha mizani nane ndicho kinachofafanua. Mamba anapojigamba, kujigamba kwenyewe hutajwa katika kipande kifupi, na yale anayojigambia hutandazwa katika kipande kirefu. Mwishoni shairi linapogeuka na kumkumbusha mauti, mpangilio ni ule ule: mgongo wa mshororo haubadiliki, ila sasa kinachogonga ni onyo. Kiburi na onyo vimesemwa kwa pigo moja. Hiyo ndiyo kejeli ya shairi, nayo imo katika mizani. Anayehesabu nne na nane na kuishia hapo amehesabu vidole vya mkono bila ya kuona mkono huo umeshika nini.

Pana jambo la pili kuhusu umbo ambalo lilidhihirika baada ya kulitaja jina la mtunzi. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika humo gerezani kwenye karatasi za msalani. Tukiyafikiria mazingira hayo, swali la kama vina ni minyororo au mapambo huanza kuonekana dogo. Mtu asiye na uhakika wa kuwa na karatasi kesho anahitaji utungo utakaokaa kichwani ikiwa karatasi itapotea. Kina na mizani ni kumbukumbu, na ni haki kudhani kwamba kwa mfungwa zilikuwa pia ghala. Hatusemi kwamba ndiyo sababu aliyachagua, kwani alikulia katika ushairi huo Mombasa na ndio uliokuwa wake. Twasema tu kwamba umbo hilo halikuwa vazi la kuvaliwa siku ya sherehe.

5. Fumbo na Wafumbuzi Wake

Suala la pili ni fumbo. Vitabu vya mwongozo hulifanya fumbo kama kufuli lenye ufunguo mmoja: mamba ni serikali, basi, endelea na swali linalofuata. Makongeni mambo yalikwenda vingine.

Kabla ya kutajwa jina la mtunzi, kila msomaji alikuwa na mamba wake. Mstaafu mmoja alisema ni nyapara wa zamani aliyekuwa akiwafuta watu kazi kwa neno moja. Mama mmoja alisema ni mwenye nyumba. Kijana mmoja alisema ni pombe, inayowameza rafiki zake mmoja mmoja. Hapa palizuka mjadala uliokuwa wa uhakiki hasa. Wenzake walimkatalia, si kwa sababu pombe haili watu, bali kwa sababu mamba wa shairi anajiona na kujisifu, na pombe haijisifu. Kijana alilirudia shairi, akakubali. Hapo ndipo tuonapo kwamba fumbo halimaanishi kila msomaji aseme apendalo. Maneno ya shairi huweka mipaka: ni lazima awe mwenye nguvu, awe mwenye kujiona, na awe na mwisho ambao yeye peke yake hauoni.

Tafsiri iliyonishangaza zaidi ilikuwa ya mzee mwingine, aliyesema kwamba mamba ni yeye mwenyewe alipokuwa kijana mwenye mshahara. Hakuna mwongozo uliochapishwa utakaompa alama. Walakini tafsiri yake haivuki mpaka wowote kati ya ile iliyowekwa na shairi, na inaupa uzito ule mwisho wa mauti ambao wasomaji wa siasa huupita upesi.

Nilipowaambia shairi lilitungwa na nani na wapi, baadhi yao walitaka kuyatupa yote waliyokuwa wameyasema. Kumbe ni serikali ya wakati ule, wakasema, na shauri limekwisha. Ni mzee yule yule aliyewazuia. Alieleza kwamba serikali ile ilikuwa mamba wa aliyetunga, na kwamba mto una mamba wengi. Sioni jinsi ya kulisahihisha wazo hilo. Muktadha wa Kamiti haufuti tafsiri nyingine. Waonyesha gharama ya usemi. Ukijua kwamba aliyesema alikuwa mikononi mwa huyo mamba, fumbo lake hulioni tena kuwa mchezo wa akili. Na tukumbuke kwamba mtunzi mwenyewe, katika mwanzo wa shairi, hakumtaja mfumbuzi mmoja. Amewaachia wawezao, kwa wingi.

Historia yenyewe ya diwani hii yathibitisha kwamba kazi ya mtunzi aliyekomaa haimalizwi na kisa kilichoizaa. Mwaka 1974, miaka miwili tu baada ya mtunzi kufunguliwa, Sauti ya Dhiki ilipewa tuzo la fasihi lililoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Msomaji anayeshikilia ufunguo mmoja hawezi kulieleza jambo hilo ila kwa kucheka.

6. Lahaja Si Inkisari

Tulifika hatimaye kwenye lile linalosemwa kuwa ni ukuta: Kimvita. Tulichukua vichwa viwili vya mashairi ya diwani hiyo, "Siwati" na "N'shishiyelo Ni Lilo". Neno la kwanza lilieleweka mara tu lilipowekwa kando ya "siachi". Kwani kuwata ni kuacha. La pili liliwasumbua, na vijana wakalikimbilia jibu la shule: "n'" ni inkisari ya "ni", mshairi ametumia uhuru wake ili mizani itoshe.

Jibu hili limeenea, nalo lina kasoro. Mvita husema "n'" anapoagiza chai, wala hahesabu mizani. Hali kadhalika "-shishiye" si neno lililokorogwa na mshairi. Ni umbo kongwe la kitenzi "shika" katika hali timilifu, lililohifadhiwa na lahaja za kaskazini, na "-lo" ni kirejeshi. Maana ya kichwa chote ni kwamba nililolishika ndilo hilo hilo, silibadilishi. Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika kichwa cha shairi la tatu, "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo wasemaji wawili wanazozania mnazi. "Vuta n'kuvute" ni msemo wa watu. Shafi Adam Shafi wa Zanzibar aliufanya jina la riwaya yake ya mwaka 1999, na riwaya haina mizani ya kutimizwa.

Hatusemi kwamba uhuru wa mshairi haupo. Upo, na washairi wote wameutumia. Tunasema kwamba tunapoliita kila umbo la lahaja kuwa ni ukiukaji ulioruhusiwa, tunamfundisha mtoto kwamba Kiswahili sanifu ndicho lugha, na kwamba Kimvita ni Kiswahili sanifu kilichokatwakatwa ili kiingie katika mshororo. Hilo si kweli kihistoria, na si haki kwa wasemaji wake. Pia huua maana. Mtu aliye gerezani anayesema kwamba haachi, akalisema hilo kwa lugha aliyonyonya Mombasa, amefanya mambo mawili kwa pamoja: ameshikilia msimamo na ameshikilia sauti yake. Aliyeandika "inkisari" pembeni hakuliona la pili.

Je, lahaja iliwafungia mlango wasomaji wa Makongeni? Iliwachelewesha, haikuwazuia. Vijana wa Sheng, ambao hulaumiwa kwa kukata maneno, ndio waliokuwa wepesi wa kuyakubali maumbo hayo mara walipoambiwa kwamba ni matamshi ya watu walio hai. Kwa upande mwingine tulisoma pia mashairi kadhaa kutoka Kichomi. Hakuna aliyekwama kwenye neno, lakini maswali yaliyoulizwa juu yake yalikuwa mengi vile vile, na mengine magumu zaidi. Wepesi wa msamiati haukuwa wepesi wa shairi. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, hakuvunja vina ili afahamike bila ya jasho. Naye pia hutaka asikilizwe mara tatu.

7. Hitimisho

Hatutaki kuyajenga mambo makubwa mno juu ya watu kumi na wawili. Yaliyosemwa Makongeni hayathibitishi nadharia; yanaonyesha tu kwamba mambo tunayoyahesabu kuwa vizuizi kati ya mwananchi na mshairi mkubwa, yaani arudhi, fumbo na lahaja, ni milango ikiwa yatasomwa kama usemi. Yanageuka kuta tunapoyafanya majina ya kukaririwa.

Kwa kuwa mfumo wa 8-4-4, ambao tangu mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, unaupisha mtaala wa umilisi, huu ndio wakati wa kuyatafakari haya. Tungependekeza mambo matatu. Kwanza, shairi lisomwe kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, kabla ya swali lolote kuulizwa. Pili, kila swali linalotaka umbo litajwe lifuatwe na jingine linalouliza umbo hilo linatenda nini katika shairi hilo na si kwingineko. Tatu, mwalimu afundishwe lahaja kwa kiasi cha kumwezesha kutofautisha uhuru wa mshairi na lugha ya mama yake.

Pendekezo la tatu ndilo zito zaidi, nalo latuangukia sisi katika idara za lugha. Walimu hawatafundisha Kimvita, Kiamu au Kiunguja ikiwa sisi wenyewe tumewapa shahada bila ya kuwasomesha lahaja hizo ila kwa kuzitaja. Maadam hali ni hiyo, mtahini ataendelea kuuliza idadi ya mizani, mwanafunzi ataendelea kujibu kumi na mbili, na wote wawili watakuwa sahihi.